Gia za Kuzungusha Mkononi: Nani Azinunue, Nani Aziache

Kabla hujatoa pesa kununua baiskeli ya milimani yenye gia za kuzungusha mkononi, jiulize mikono yako itakuwa na kazi gani ukiwa njiani. Kama ni kushika usukani tu na kwenda zako kutoka Kikula hadi katikati ya mji wetu wa Likasi, nunua bila wasiwasi. Kama mkono mmoja utashika usukani na mwingine utatuliza magunia ya makala, soma kwanza hadi mwisho.

Baiskeli yenyewe unaijua. Ni kinga yenye matairi mapana ya inchi 26 na vitesi 18 au 21. Kwenye usukani, kati ya raba ya kushikia na breki, ina pete nene ya plastiki au raba yenye mifereji na namba. Ukiizungusha pete ya kulia, mnyororo unahama kwenye meno ya nyuma. Ya kushoto inauhamisha kwenye meno ya mbele. Haina kitufe wala kijiti cha kusukuma kwa dole gumba. Likasi inazipata zaidi kupitia Lubumbashi na mpaka wa Kasumbalesa: nyingine mpya za bei nafuu zilizotengenezwa China, nyingine okazioni zilizokwisha kuzeekea kwa watu wengine huko mbali.

Wanaoziendesha hawajawahi kukubaliana, si hapa tu bali popote baiskeli za milimani zilikofika. Anayezipenda atakuambia kwamba anaruka gia nne kwa mpinduo mmoja wa mkono, kwamba dole gumba halimuumi, kwamba namba ya gia anaiona bila kuinama. Asiyezipenda atakuambia kwamba gia zinajibadili zenyewe kwenye mashimo, kwamba mkono wenye jasho unateleza, na kwamba raba imeanza kunata hata kabla deni la baiskeli halijaisha. Wote wawili wanasema kweli. Hawapiti njia moja, hawabebi mzigo mmoja, na mara nyingi hawana waya wa hali moja.

Historia ya gia hizi inatuhusu kuliko tunavyodhani. Kampuni ya SRAM ilianzishwa Chicago mwaka 1987, na mwaka uliofuata ikaleta sokoni bidhaa yake ya kwanza, Grip Shift, iliyowalenga kwanza waendesha baiskeli za mbio za barabarani. Miaka michache baadaye ilihamia kwenye baiskeli za milimani, na huko ndiko ilikopata jina. Shimano wa Japani, waliokuwa wameshika soko, nao wakatoa ya kwao, Revoshift, ambayo ndiyo utakayoikuta kwenye baiskeli nyingi za bei ya chini. Mwaka 2012 SRAM waliirudisha Grip Shift kwa baiskeli za gharama kubwa, na Mswisi Nino Schurter, aliyekuja kuwa bingwa wa Olimpiki mwaka 2016, alishindana nayo kwa misimu kadhaa. Kwa hiyo anayekuambia kwamba hizi ni gia za watoto, mwache aseme.

Lakini kuna upande wa pili. F.K. Day, mmoja wa walioianzisha SRAM, ndiye pia aliyeanzisha shirika la World Bicycle Relief mwaka 2005 pamoja na mkewe, Leah Missbach Day, baada ya tsunami ya Bahari ya Hindi. Muda mfupi baadaye shirika hilo lilianza kazi Zambia, kwa majirani zetu wa ng'ambo ya Kasumbalesa, likitoa baiskeli nzito ya chuma iitwayo Buffalo. Inabeba hadi kilo 100 kwenye keria na ilikuwa haina gia ya kubadilisha hata moja. Mwaka 2023 walitoa aina mpya yenye gia. Hawakuweka mpini wa kuzungusha. Waliweka gia mbili na minyororo miwili, na mwendeshaji anabadilisha kwa kurudisha pedeli nyuma kidogo kisha kuendelea kukanyaga. Hakuna waya wa gia, na kwenye usukani hakuna cha kuzungusha. Watu waliojenga kampuni juu ya mpini wa kuzungusha, walipomfikiria mtu wa kijijini mwenye mzigo, waliuacha mpini huo kando. Katika maoni yote niliyowahi kusikia juu ya gia hizi, hayo ndiyo ninayoyapa uzito wa kwanza.

Ndani ya mpini

Ndani ya ile pete kuna ngoma ndogo inayoviringisha waya, na springi nyembamba inayoangukia kwenye vishimo. Kila kishimo ni gia moja, na ule mlio wa "tik" ni springi ikitua mahali pake. Upande wa kulia, ukizungusha kuja kwako, kwa kawaida ngoma inauvuta waya. Waya nao unauvuta mkono wa gia, yaani kile chuma chenye viringi viwili kinachoning'inia nyuma, kuelekea meno makubwa ambayo ndiyo gia nyepesi ya kupandia mlima. Ukizungusha kwenda mbele, waya unalegea, na springi ya mkono wa gia inaurudisha mnyororo kwenye meno madogo.

Kwa maneno mengine, kwenda kwenye gia nyepesi ni kazi ya kiganja chako, na kurudi kwenye gia nzito ni kazi ya springi. Ukilishika hili, matatizo mengi utayatambua mwenyewe bila kumlipa mtu. Waya ukishika kutu au matope ndani ya kava yake, kiganja kinaweza kuushinda kwa nguvu, lakini springi haiwezi. Basi baiskeli inayokubali kupanda kwenye meno makubwa na kukataa kushuka kwenye madogo, au inayoshuka kwa kuchelewa na kwa kishindo, ina waya mchafu. Mpini wake ni mzima. Hata hivyo, mwenye baiskeli atauzunguka mji kutafuta mpini mwingine, aununue, afunge ule ule waya wa zamani, kisha alaani gia za kuzungusha kwa wenzake wote. Malalamiko mengi ninayoyasikia yanaanzia hapo.

Kosa la pili ni la kava, na hili hata mafundi wazuri hulifanya kwa sababu dukani hakuna kilicho sahihi. Kava ya breki ina waya uliozungushwa mduara kwa mduara. Ukiuvuta waya wa ndani, kava inabanwa na kufupika kidogo. Kava ya gia ina nyuzi za chuma zilizolala kwa urefu, ili isifupike. Kwenye gia za Shimano za meno saba ya nyuma, kila "tik" moja huvuta milimita tatu hivi za waya. Kava ikifupika milimita moja tu kwenye kona ya usukani, theluthi ya hesabu imekwisha kupotea na mnyororo utakaa katikati ya meno mawili ukilialia. Waambie wanaokuletea bidhaa kutoka Lubumbashi wakuletee kava ya gia, wasikuletee ya breki. Na usiruhusu kamwe kinyume chake. Kava ya gia ikifungwa kwenye breki inaweza kupasuka siku utakapobana kwa nguvu, nayo haitachagua kupasuka kwenye tambarare.

Unapoinunua

Usiijaribu baiskeli ikiwa imesimama. Mwambie muuzaji anyanyue gurudumu la nyuma, wewe zungusha pedeli kwa mkono wa kushoto na pete kwa mkono wa kulia. Pita gia zote kwenda na kurudi, moja moja. Hesabu milio ya "tik" na uhesabu meno ya nyuma. Mpini wenye namba hadi 6 kwenye baiskeli yenye meno saba maana yake mtu alikwisha kuufungua na kuweka alichokipata. Si sababu ya kuondoka, ni sababu ya kushusha bei.

Kisha simama nyuma ya baiskeli, uchuchumae na uangalie mkono wa gia. Viringi vyake viwili vinapaswa kukaa kwenye mstari mmoja wa wima, sambamba na meno. Baiskeli zinazosafiri juu ya malori chini ya mizigo mingine mara nyingi hufika zikiwa na sikio la fremu, pale mkono wa gia unapofungwa, lililopinda kuelekea spoki. Sikio hilo likipinda, gia za juu zitakubali na za chini zitakataa. Ukija kuingiza gia nyepesi kabisa mlimani, mkono wa gia unaweza kunaswa na spoki na kuvunja vyote viwili. Fundi mwenye mkono mtulivu anaweza kulinyosha sikio la chuma. La aluminiamu hukubali mara moja, ya pili huvunjika.

Mpini wenyewe ushike kwa kiganja kizima na uukaze. Raba ikinata kwenye vidole, imezeeka kwa jua, na kunata hakutaisha kwa kuoshwa. Bado inatumika. Kata kipande cha chambreri ya zamani, urefu sawa na pete, ukivishe juu yake. Utapata mshiko mzuri kuliko wa kiwandani, hata mkono ukiwa na jasho au mvua. Ukiona ufa kwenye plastiki pale waya unapotokea, achana nao, kwa kuwa ufa huo hauzibwi kwa gundi yoyote ninayoijua.

Ukitafuta mpini wa akiba, usiridhike na kuona kwamba unaingia kwenye usukani. Mipini mingi ya SRAM ya miaka ya nyuma huvuta waya mrefu zaidi kwa kila gia kuliko ya Shimano, kwa sababu mikono yao ya gia imetengenezwa kwa kipimo kingine. Mpini wa SRAM wa aina hiyo kwenye mkono wa gia wa Shimano utausogeza mnyororo kupita jino linalofuata kwa kila "tik". SRAM walitengeneza pia mipini inayofuata kipimo cha Shimano, kwa hiyo jina peke yake halitoshi: nenda na baiskeli, uifunge, uijaribu, ndipo ulipe. Idadi nayo ni muhimu. Meno saba ya nyuma yanaachana kwa milimita 5, manane kwa milimita 4.8. Tofauti inaonekana ndogo, lakini hadi kufika jino la mwisho imekwisha kujumlishwa mara sita.

Njiani

Likasi si mji wa tambarare. Tuko juu ya mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari, na ukitoka katikati ya mji kwenda Panda, Shituru au njia ya Kambove utapanda na kushuka mara nyingi kabla hujafika. Lami inapoisha, udongo mwekundu unakuwa vumbi kuanzia mwezi wa tano na matope kuanzia mwezi wa kumi na moja. Katika hali hiyo gia za kuzungusha zina faida moja ambayo haipatikani kwenye vitufe. Ukikuta korongo la ghafla chini ya mteremko, unazungusha pete yote kwa mara moja na kufika kwenye gia nyepesi kabla mlima haujaanza. Mwenye vitufe hapo anabonyeza, anabonyeza tena, na baiskeli imekwisha kusimama.

Ila pedeli lazima ziwe zinazunguka, na miguu iwe imelegezwa. Usizungushe pete ukiwa umesimama juu ya pedeli kwa uzito wako wote. Mnyororo unahitaji kuhama bila kuvutwa, nusu mzunguko tu, kisha ukanyage tena. Wenye haraka hulidharau hili, na ndio wanaorudi kwa fundi na mnyororo uliokatika wakisema gia ni mbovu.

Aliyezoea pikipiki ana shida yake ya pekee. Kiganja chake cha kulia kimezoea kuzungusha kuja kwake ili apate kasi. Kwenye baiskeli hii, mpinduo huo huo unampeleka kwenye gia nyepesi, miguu inazunguka bure na kasi inapotea. Kama umefanya kazi ya taksi-moto, jizoeshe kwanza kwenye barabara tupu, mbali na malori ya shaba ya njia kuu ya Lubumbashi na Kolwezi.

Juu ya gia kujibadili zenyewe kwenye mashimo, malalamiko hayo ni ya kweli lakini yana dawa. Chanzo ni jinsi ya kushika. Watu wengi huikamata pete yenyewe, kwa sababu raba isiyozunguka iliyo pembeni ni fupi mno. Ikifika njia ya mawe, kiganja kinakaza, kifundo cha mkono kinakunjika, na pete inazunguka. Sogeza breki na pete ndani zaidi kuelekea katikati ya usukani, ukiacha nafasi ya raba ndefu zaidi kwa nje. Vidole vitatu na kiganja vikae kwenye raba isiyozunguka. Dole gumba na cha shahada ndivyo vibaki juu ya pete. Hakikisha pia raba ya nje haisuguani na pete. Acha upenyo mdogo, au weka pete nyembamba ya plastiki uliyoikata kwenye mfuniko wa kopo. Raba ikibana, pete itakuwa nzito, na utafikiri waya umekwama.

Sasa tufike kwa mwenye mzigo, kwa sababu huyu ndiye ninayemhofia. Anayeleta makala kutoka porini, au samaki wa ziwa la Tshangalele kutoka upande wa Kapolowe, sehemu kubwa ya safari haendeshi. Anasukuma. Mkono mmoja uko kwenye usukani, mwingine uko nyuma kwenye mzigo, na mlima ukizidi anauegemea usukani kwa uzito wake wote. Kiganja kinachoegemea namna hiyo kitaizungusha pete, akitaka asitake. Pedeli hazizunguki, kwa hiyo mnyororo hauhami hapo hapo. Unasubiri. Akifika kileleni, apande na kukanyaga, mnyororo unaruka gia mbili au tatu kwa pamoja, chini ya mzigo wenye uzito wa watu wawili. Mnyororo ukikatika, huo ndio uharibifu mdogo. Baiskeli inaweza kuyumba na kumwangusha barabarani, na nyuma yake kuna lori.

Kwa mtu huyu ushauri wangu ni mfupi: toa pete zote mbili. Chagua jino moja la nyuma na moja la mbele, funga mnyororo mfupi ulionyooka, na baiskeli iwe ya gia moja. Akitaka sana gia, afunge kijiti cha zamani cha kusukuma kwa dole gumba, kile kisicho na vituo, kinachoshikiliwa kwa msuguano tu. Hakijali aina ya mkono wa gia wala idadi ya meno, na kinaweza kufungwa karibu na katikati ya usukani ambako kiganja hakifiki.

Pete ya kushoto

Hii nitaimaliza haraka. Itoe. Toa waya wake, toa na kile chuma kinachohamisha mnyororo mbele, ubaki na duara moja la meno mbele, lile la katikati. Gia 21 ni namba ya kuuzia baiskeli, kwani nyingi kati yake zinarudiana, na nyingine zinaupindisha mnyororo hadi ukasagika. Ukiwa na meno 34 mbele na seti ya nyuma ya meno saba inayoanzia 14 hadi 34, pedeli ikizunguka mara moja unasogea mita 2 hivi kwenye gia nyepesi kabisa na mita 5 kwenye nzito. Zinatosha kupanda kilima chochote cha mjini na kukimbia kwenye lami. Seti ya 14 hadi 28 ni rahisi zaidi kuipata, nayo itakutosha kama miguu yako bado ina nguvu. Jambo moja tu: duara la katikati halikuumbwa kuushika mnyororo peke yake. Mnyororo uliolegea utaanguka kwenye mashimo, basi ufupishe, na ukiweza acha lile duara kubwa la nje libaki kama ukuta.

Matunzo

Fundi wa kwetu anaigeuza baiskeli kichwa chini, tandiko na usukani vikae ardhini. Hapo gia za kuzungusha zina ushindi wa wazi. Vitufe na vijiti vinavyochomoza juu ya usukani hukwaruzwa na kuvunjika kwa mtindo huo, lakini pete haina kinachochomoza. Tandika gunia chini hata hivyo, kwa sababu mchanga ukiingia kwenye upenyo wa pete unasaga ngoma ya ndani.

Kinachoziua pete hizi ni petroli na mazuti. Fundi akiona pete nzito, mkono wake unakimbilia chupa ya petroli kama anavyofanya kwa mnyororo. Mzuie kwa heshima: "Papa fundi, hiyo ni plastiki." Petroli inakausha grisi yote ndani na baadhi ya plastiki inazidhoofisha. Pete inaoshwa kwa maji ya vuguvugu, sabuni kidogo na mswaki wa zamani, kisha inaachwa ikauke kivulini. Grisi iwe kidogo sana, nyeupe au ya silikoni inayofaa kwa plastiki. Grisi nyeusi ya magari ikikaa inashika vumbi na kuganda, na asubuhi za baridi za mwezi wa sita na wa saba utahisi pete imekuwa ya mawe.

Kubadilisha waya unaweza mwenyewe, na ni heri ujifunze. Zungusha pete hadi namba ya juu kabisa, ambapo waya umelegea. Fungua nati inayoushika waya kwenye mkono wa gia, kata ncha iliyochakaa, kisha utafute kidirisha kwenye mpini, mara nyingi chini ya kifuniko kidogo cha raba au chenye skrubu moja. Sukuma waya kutoka upande wa kava, na kichwa chake kitachomoza hapo. Ingiza mpya kwa njia ile ile, uuvute taratibu hadi kichwa kikae kwenye kiota chake. Mipini mingine ya zamani haina kidirisha. Hiyo inabidi uitenganishe vipande viwili. Ifungulie juu ya kitambaa cheupe, mahali pasipo na upepo, maana ile springi nyembamba ikiruka kwenye majani hutaiona tena.

Waya wa gia ni mwembamba, milimita 1.2 hivi, na kichwa chake ni kidogo cha mviringo. Wa breki ni mnene zaidi na kichwa chake hakiingii. Kata kava kwa kifaa chenye makali, uinyoshe mdomo wake kwa msumari ili usibane waya, na uivishe kofia ndogo kila mwisho. Ukikaza waya kwenye mkono wa gia, usiuvute kwa koleo hadi utoe mlio. Uwe umenyooka tu, basi. Kinachobaki ni kile kikoba cha kuzungushwa kwa vidole, pale kava inapoingilia kwenye mkono wa gia au kwenye mpini. Mnyororo ukichelewa kupanda kwenye jino kubwa, kizungushe nusu mzunguko kinyume cha saa. Ukichelewa kushuka, nusu mzunguko kwa kufuata saa. Nusu, kisha ujaribu, kisha nusu nyingine. Zile skrubu mbili ndogo zenye herufi H na L ziache zilivyo, isipokuwa mnyororo unaanguka nje ya meno au unaingia kwenye spoki. Fundi anayeanza na skrubu hizo kabla ya kugusa kikoba, mpe asante na umpelekee baiskeli mwingine.

Basi hukumu yangu ni hii. Mwanafunzi, mwalimu, mfanyakazi anayekwenda kazini na begi mgongoni, mtu mwenye maumivu ya dole gumba: gia za kuzungusha, pete moja tu ya kulia, zinakufaa, na kwa bei ya kwetu sioni za kuzishinda. Anayependa kushuka kwa kasi njia za mawe achukue za kubonyeza, kwa kuwa mikono yake itakaza muda wote. Mwenye mzigo wa kusukuma asizichukue hata akipewa bure. Na wewe unayezo tayari, nunua waya mmoja na mita mbili za kava ya gia katika mwezi wa kumi, uzifunge kabla mvua hazijaanza.